"Mimi Ndimi Masinde": Nafsi ya Kwanza katika Uigizaji wa Historia, Bungoma na Kitale

Makala haya yanahusu kiwakilishi kimoja kidogo, "mimi", kinapotamkwa mbele ya hadhira na mtu aliye hai kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa. Katika tamasha za drama za shule, si ajabu kumwona kijana wa miaka kumi na saba akijitanda ngozi au koti kuukuu, akashika fimbo na kutangaza kwamba yeye ndiye Koitalel arap Samoei, au Dedan Kimathi. Msichana naye huwa Mekatilili wa Menza. Huku kwetu Bungoma na Trans Nzoia, kijana huyo hupenda kuwa Elijah Masinde. Sisi walimu tunampigia makofi, tunamtuza kwa sauti, maleba na matumizi ya jukwaa, kisha tunarudi darasani kufundisha fasihi simulizi kana kwamba tuliyoyaona hayakuihusu silabasi hata kidogo. Mimi ninaona kwamba yanaihusu sana. Ninaona pia kwamba kigezo tunachokisahau katika kumpima mwigizaji wa namna hii ni cha kisarufi kabla ya kuwa cha kisanaa. Tumuulize: una haki gani ya kutumia nafsi ya kwanza?

Mwalimu wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko mwalimu wa historia, kwa kuwa tayari anafundisha tofauti ya usemi halisi na usemi wa taarifa. "Nitakwenda Chetambe," ni usemi halisi. "Alisema kwamba angekwenda Chetambe," ni usemi wa taarifa. Mwanafunzi hubadilisha sentensi moja kuwa nyingine kwa kufuata kanuni za njeo na nafsi, akapata alama zake. Tunachokosa kumwambia ni kwamba badiliko hilo si la vitenzi tu. Anayetumia usemi wa taarifa hubaki yeye mwenyewe na huweza kuulizwa alikopata habari. Anayetumia usemi halisi amejificha nyuma ya mwenye maneno, na maneno yakiwa ya kubuni, hakuna wa kuulizwa.

Hebu tuanzie mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko ndiko biashara ya kuigiza historia ya mipakani ilikopata umaarufu mapema. Mnamo 1883 William Cody, aliyejulikana kama Buffalo Bill, alianzisha maonyesho makubwa ya farasi, bunduki, magari ya kukokotwa na mashambulizi ya kuigiza baina ya walowezi wa Kizungu na Wahindi Wekundu, kama vitabu vyetu vya zamani vilivyowaita wenyeji wa bara lile. Mwaka 1885 alimwajiri Sitting Bull, kiongozi wa Walakota ambaye miaka tisa tu kabla ya hapo watu wake walikuwa wamemshinda Jenerali Custer katika vita vya Little Bighorn. Kwa muda wa miezi minne hivi, kwa mshahara wa dola 50 kwa wiki, Sitting Bull alipanda farasi mbele ya watazamaji akiwa ndiye mwigizaji na ndiye mwigizwa. Kwa mtazamo wa sarufi hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kusema "mimi". Lakini hati ya onyesho haikuwa yake. Watazamaji walikuwa wamekuja kumwona mshenzi aliyeshindwa, na wengine walimzomea.

Kisa hakikuishia hapo. Sitting Bull aliuawa tarehe 15 Desemba 1890 na polisi waliotumwa kumkamata. Wiki mbili baadaye yakatokea mauaji ya Wounded Knee. Mnamo 1891 baadhi ya wafungwa Walakota waliokuwa wameshikiliwa kutokana na machafuko hayo waliruhusiwa kutoka kizuizini ili waende Ulaya na maonyesho ya Cody. Mtu anatolewa korokoroni ili akaigize vita ambavyo watu wake wametoka kuuawa ndani yake majira ya baridi yaliyopita! Kisha mwaka 1893, mjini Chicago, Cody alipiga hema lake karibu kabisa na viwanja vya Maonyesho ya Dunia, katika msimu uleule ambao mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliwasomea wenzake hotuba yake kuhusu umuhimu wa mpaka katika historia ya Marekani. Msomi na mwenye sarakasi walikuwa katika mji mmoja wakisimulia jambo moja. Aliyepata hadhira kubwa si msomi.

Karne moja baadaye Wamarekani wameifanya sanaa hii kuwa kazi ya makumbusho. Huko Plymouth, jimbo la Massachusetts, kuna makumbusho ambayo tangu 2020 huitwa Plimoth Patuxet. Katika kijiji chake cha Waingereza, wafanyakazi huvaa mavazi ya mwaka 1627 au karibu na hapo, wakazungumza Kiingereza cha enzi hizo na kujibu maswali yote kwa nafsi ya kwanza. Ukimwuliza mmoja wao kuhusu simu, atakukodolea macho. Ukisogea hatua chache hadi upande wa Wawampanoag, wenyeji wa pwani ile, unakuta jambo tofauti. Wanaokupokea ni wazawa wa asili ya Amerika wenyewe, nao huvaa mavazi ya jadi na kupika vyakula vya jadi, lakini hawaigizi mtu yeyote. Wanasema "wazee wetu walifanya hivi," na ukiwauliza juu ya siku hizi wanakujibu juu ya siku hizi. Wamekataa usemi halisi, wakachagua usemi wa taarifa. Sababu yake si ngumu kuikisia kwa yeyote aliyewahi kusikia habari za Sitting Bull.

Nimeyataja haya kwa kirefu kwa sababu chaguo hilohilo limefanywa Bungoma muda mrefu kabla ya makumbusho yoyote kufikiriwa.

Kumuse na usemi wa taarifa

Wabukusu wana sanaa ya kumuse. Msomaji asiyeifahamu aelewe hivi: mzee aliyeheshimika, mwenye wajukuu na jina zuri, akifa na kuzikwa, huitwa mlumbi maalumu kuwafariji waliobaki. Si kila marehemu hufanyiwa kumuse, na si kila msema vizuri huruhusiwa kuitenda. Ni kazi ya ukoo, hurithiwa. Hadhira huketi ikiacha uwanja wazi katikati, na mlumbi hutembea katika uwanja huo huku na huku akiwa na mavazi yake rasmi na fimbo mkononi, akizungumza. Watu hawasimami ovyo wala hawakatizi mbele yake. Hueleza asili ya watu, safari za mababu, ngome walizojenga, vita walivyopigana, koo na vizazi, kisha huingia katika maonyo. Hapo hata mbunge aliyekaa kiti cha mbele hujikuta akikanywa mbele ya wapigakura wake. Jina la mlumbi Manguliechi, kwa mfano, limevuka mipaka ya Bungoma na kuingia katika tasnifu za vyuo vikuu.

Vitabu vyetu vya kiada vinaiweka kumuse wapi? Mwalimu mmoja ataiweka chini ya ulumbi, na hatakuwa amekosea. Mwingine ataiweka chini ya miviga, kwa kuwa ni sehemu ya matanga. Wa tatu atasema ni mighani, kutokana na mashujaa wanaotajwa. Kuna hata anayesema ni maigizo, kwa sababu kuna jukwaa, maleba, mwendo na hadhira. Mtahini wa KCSE akiuliza "taja kipera," mwanafunzi wa Kimilili atakuwa na majibu manne na nafasi moja ya kuandika. Sioni haja ya kuamua ugomvi huo. Linalonivutia ni kwamba mlumbi wa kumuse, pamoja na vyombo vyote vya mwigizaji alivyo navyo, hageuki kuwa mtu mwingine. Humtaja shujaa, humsifu, hata hunukuu maneno yanayosemekana ni yake, kisha hurudi katika sauti yake. Husimulia vita vya Chetambe bila kujifanya mpiganaji wa Chetambe. Mamlaka yake yanatokana na ukoo wake na kumbukumbu yake, nao wazee waliokaa mbele yake wanaijua historia hiyo. Akipotosha, watamkumbuka kwa upotoshaji huo.

Asije mtu akasema kwamba nafsi ya kwanza ni uvumbuzi wa Wazungu. Tunayo majigambo. Lakini katika majigambo, anayesema "mimi niliyemwangusha fahali" ni yule aliyemwangusha, na waliokuwepo wanaweza kumkosoa. Nafsi na mwenye nafsi ni mmoja. Kijana anayesimama mbele ya majaji na kusema "mimi ndimi Masinde" ameazima umbo la majigambo, akaliingiza kwenye maisha ya mtu ambaye hawezi kumkosoa. Hicho ni kipera kipya, na ninashangaa kwamba hatujakipa jina.

Masinde yupi?

Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, anafaa kuwa mfano kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa fanani wa historia. Habari zake zinajulikana kwa kiasi kizuri. Alilelewa katika kanisa la Marafiki, akacheza kandanda kwa ustadi uliomfikisha kwenye timu ya Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyotaka watu warejee kwenye matambiko ya mababu na Wazungu waondoke. Alikamatwa 1945 na kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akatolewa 1947. Mwezi Septemba mwaka huohuo aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, karibu na mji unaoitwa Webuye sasa, kuwakumbuka waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi wakaua watu 11. Masinde alikamatwa mwezi huohuo, akazuiliwa mbali na kwao hadi 1961. Serikali ya Kenya huru iliisajili dini yake 1964 na kuipiga marufuku tena 1968. Alifariki 1987.

Tutazame siku ile ya Chetambe. Mahali palepale pa ngome, miaka 52 baada ya vita, watu waliozaliwa baada ya 1895 wamesimama pamoja na wazee walioviona vita kwa macho yao. Sadaka inatolewa. Kiongozi anazungumza juu ya waliokufa. Hapakuwa na mwigizaji aliyevaa nguo za marehemu, na hata hivyo serikali ya kikoloni iliona hatari kubwa zaidi kuliko ambayo mchezo wowote wa kuigiza ungeweza kuleta. Historia ilitendwa pale mbele ya hadhira, kwa usemi wa taarifa, na ikaitikisa serikali.

Sasa nenda kwenye tamasha. Miaka michache iliyopita niliutazama mchezo wa shule moja ya eneo letu juu ya Masinde. Ulikuwa na nyimbo nzuri na uongozaji wa kusifika. Onyesho la Mathari ndilo lililowafurahisha watazamaji zaidi: mwigizaji alizungusha macho, akatambaa, akabweka, akamrukia muuguzi, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Baada ya onyesho mzee mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu wake aliniuliza, kwa upole wa wazee wa Kibukusu ambao huuma zaidi ya ukali, kama serikali ya mkoloni ndiyo iliyowaandikia watoto mchezo. Nilimwelewa mara moja. Wakoloni walimpeleka Masinde Mathari ili aonekane mwendawazimu. Vijana, wakidhani wanamtukuza, walikuwa wameikubali hati ya mkoloni na kuiongezea vichekesho. Katika mchezo mzima hapakuwa na mhusika hata mmoja aliyesema kwamba wazimu ule ulikuwa hukumu ya waliomfunga. Usemi wa taarifa ungewalazimisha kusema "walidai kwamba alikuwa na wazimu." Usemi halisi ulihitaji tu kijana wa kubweka.

Hali ni ngumu zaidi kwa Koitalel, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Takriban kila kikundi kinachomwigiza huonyesha wakati ule wa kupeana mkono na Kapteni Richard Meinertzhagen, kisha mlio wa bastola. Maelezo ya maandishi yanayotajwa zaidi kuhusu dakika hizo ni ya Meinertzhagen mwenyewe, yaani ya muuaji, ambaye alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa ametegewa mtego, na ambaye uaminifu wake katika mambo mengine mengi umetiliwa shaka na watafiti. Hivyo basi hotuba ndefu anayoitoa Koitalel wa jukwaani kabla ya kuanguka ni ya mwalimu aliyeandika mchezo. Huenda ni hotuba nzuri. Watazamaji wanaondoka wakiamini wamemsikia Koitalel.

Kitale: lugha kama leba, na hatari ya "sisi"

Trans Nzoia ni mahali penye mpaka wa aina ileile ya Turner. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba yaligawiwa walowezi, wengi wao wakiwa askari waliostaafu. Reli ilifika Kitale 1926. Wabukusu na wengine waliingia mashambani humo kama vibarua na maskwota, wakiwa na kipande shingoni. Mwaka uleule wa 1926 mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake ya binafsi ya wadudu, ndege na vitu vya wenyeji. Mkusanyo huo ndio ulioleta Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974 yakiwa ya kwanza ya kitaifa nje ya Nairobi na pwani. Wanafunzi wetu wanapozuru huona vifaa hivyo pamoja na nyumba za jadi zilizojengwa uani. Nyumba zile hazina watu ndani. Mara nyingi nimewaza kwamba huenda ni afadhali hivyo.

Vikundi vya Kitale vinapoigiza enzi hiyo, mhusika anayependwa kuigizwa si skwota bali mlowezi. Humtambua kwa kofia pana, kaptula na kiboko, lakini leba yake kuu ni lugha. Anazungumza kile ambacho wanaisimu walikiita Kisetla: Kiswahili kisicho na ngeli, kisicho na viambishi vya nafsi, kilichojaa amri. "Wewe lete maji. Wewe hapana sikia?" Hadhira hucheka, na kwa Mkenya kicheko hicho kina haki yake, maana ni kicheko cha aliyeamrishwa juu ya lugha ya aliyemwamrisha. Hapa nafsi ya kwanza inafanya kazi nzuri. Kumwigiza mlowezi kwa Kisetla ni kumfichua kwa kinywa chake mwenyewe, na hakuna anayetoka ukumbini akidhani mwigizaji amekuwa Mzungu.

Lakini tuigeuze sarafu. Skwota naye anazungumza nini katika mchezo huo? Kiswahili sanifu, chenye upatanisho kamili na methali mbili tatu za pwani. Usanifishaji wa Kiswahili ulisimamiwa na kamati iliyoundwa 1930, na ulichukua miaka mingi kufika shambani kwa mtu yeyote. Kibarua wa Trans Nzoia wa 1935 alizungumza Lubukusu kwake, na kwa bwana wake pengine alijibu kwa Kisetla kilekile. Masinde wa jukwaani vilevile huhutubia Chetambe kwa lugha ya mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu. Silaumu. Tamthilia ya Kiswahili lazima izungumzwe kwa Kiswahili, na kumpa shujaa ngeli kamili ni namna ya kumpa heshima. Ninachotaka ni mwanafunzi ajue kwamba hiyo ni tafsiri. Ningependa swali la mtihani liwe: "Mhusika huyu anazungumza lugha gani, na kwa kweli angezungumza lugha gani? Mwandishi amepata nini, amepoteza nini?"

Kuna jambo zito zaidi Kitale, nalo halihusu "mimi" bali wingi wake. Mchezo wa ardhi hufikia kilele pale mhusika mkuu anapoinua mkono na kusema kwamba ardhi hii ni yetu sisi. Ni akina nani? Katika hati ya kawaida wahusika ni wawili, mlowezi aliyenyang'anya na Mbukusu aliyenyang'anywa. Mbele ya Tume ya Carter ya 1932, iliyochunguza malalamiko ya ardhi nchini Kenya, waliodai sehemu za Trans Nzoia walikuwa pamoja na Waelgon, yaani El Kony ambao leo huhesabiwa miongoni mwa Wasabaot, na Wasengwer wa Cherangany. Watoto wa watu hao wamo katika madarasa yetu, pengine wamo katika kikundi chenyewe wakipiga ngoma nyuma ya jukwaa. Trans Nzoia na Mlima Elgon ziliona mapigano ya kikabila 1991 na 1992. Kuanzia 2006 hadi 2008 Mlima Elgon ukaona umwagaji damu wa SLDF na wa operesheni ya jeshi iliyofuata. Familia zilizohama wakati huo zina watoto mashuleni. Kijana anaposema "sisi" kwa sauti ya babu yake wa 1935, nusu ya ukumbi hujumuishwa na nusu hutengwa, na hakuna jaji mwenye safu ya kuandika jambo hilo katika karatasi yake ya alama.

Mlumbi wa kumuse naye husema "sisi", na historia anayoitoa ni ya upande mmoja. Tofauti ni kwamba anasema katika matanga ya watu wake, kwa jina lake, na kesho atapatikana nyumbani kwake. Mchezo wa shule husafiri kutoka kaunti hadi mkoa hadi taifa, na "sisi" yake husafiri nayo.

Waandishi wetu wakubwa walilifanyaje

Tatizo hili waandishi wa tamthilia walilijua. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969 alieleza katika utangulizi kwamba mhusika wake hakuwa nakala ya mtu wa historia, Kinjeketile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905 mwanzoni kabisa mwa vita vya Maji Maji. Wanafunzi huuruka utangulizi huo wakikimbilia maudhui. Mimi huanza nao, maana ni mwandishi anayevua leba ya mhusika wake kabla pazia halijafunguliwa. Na tamthilia yenyewe inahusu jambo hilihili: mtu anatamka neno, neno linamponyoka, watu wanalifanya kuwa kubwa kuliko yeye, naye hawezi tena kulirudisha. Sijui kazi nyingine ya Kiswahili inayomwonya mwigizaji wa historia kwa ukali kama huo.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walichagua njia nyingine. The Trial of Dedan Kimathi ilitoka 1976, na tafsiri ya Raphael Kahaso, Mzalendo Kimathi, ikafuata 1978. Nao pia walisema wazi kwamba hawakukusudia kunakili kesi ya Nyeri. Walitaka Kimathi wa wakulima na wafanyakazi, anayeishinda mahakama kwa hoja. Wakati huo kumbukumbu za kesi hazikuwa mikononi mwa watu. Mwaka 2017 mwanahistoria Julie MacArthur alizichapisha, na ndani yake kuna Kimathi aliyejitetea, pamoja na mengine, kwamba siku aliyopigwa risasi na kukamatwa, Oktoba 1956, alikuwa akitoka msituni kujisalimisha. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kumiliki bastola na risasi.

Je, Kimathi wa jukwaani ameangushwa na Kimathi wa karatasi? Baadhi ya wenzangu wamekataa hata kuyataja maandishi hayo darasani kwa kuhofia kumchafua shujaa. Ninatofautiana nao. Kwanza, maneno ya mtu anayetetea uhai wake mbele ya jaji wa kikoloni, akiwa na jeraha, kupitia kwa mkalimani, nayo ni maigizo ya aina fulani, na hati yake iliandikwa na wenye mahakama. Pili, tamthilia haikudai kuwa kumbukumbu. Mwanafunzi akivisoma vyote viwili bega kwa bega, anapata "mimi" mbili za mtu mmoja na analazimika kuuliza kila moja ilitungwa kwa ajili ya hadhira gani. Hilo ndilo somo la nafsi ya kwanza, na katika historia yetu sijapata mfano unaolifundisha vizuri zaidi.

Darasani mimi hufanya hivi. Mwanafunzi anayeigiza Masinde au Koitalel huketi kwenye kiti mbele ya wenzake baada ya onyesho, akiwa bado amevaa koti lake, nao humwuliza maswali. Kila jibu lazima alianzishe kwa moja ya maneno matatu: "imeandikwa", "nilisimuliwa", au "nimebuni". Mwanzoni hulalamika kwamba hilo linaharibu ladha. Baada ya maswali matano sita hadhira huanza kufuatilia kwa makini kuliko ilivyofuatilia mchezo, hasa anapofika kwenye "nimebuni" na kutakiwa aseme kwa nini. Mwaka jana Koitalel wetu aliulizwa na msichana wa kidato cha pili kama aliuona mkono wa Meinertzhagen ukishuka kwenye bastola. Alifikiri kitambo, akalivua koti, akalikunja magotini, kisha akajibu kwa nafsi ya tatu.